Mgeni Haamrishwi

Kwetu Gojal, kaskazini kabisa mwa Pakistani, mgeni haamrishwi. Hilo si somo la shuleni, mtoto hulinyonya pamoja na maziwa. Nasikia kuna watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tutalificha mwaka mzima, mgeni asije akaliona akadhani tunamsema. Akikaa penye moshi tunafungua tundu la dari, hatumwambii asogee. Na nyumba ikishika moto, nina hakika tutamwambia, "Karibu nje kidogo, leo hewa ni nzuri."

Nayasema haya mapema ili ujue nilikuwa napambana na nini. Jina langu Nekbakht, mwalimu wa Kiingereza, mstaafu kwenye karatasi tu. Kila majira ya baridi, njia za milimani zikishafungwa na wanaume wakabaki nyumbani wakinenepa kwa mikate na mafuta ya aprikoti, huwakusanya wapagazi kwenye chumba cha shule ya zamani, nikawasha jiko la chuma kwa samadi ya yaki, ng'ombe wetu wa manyoya marefu, nikawafundisha Kiingereza cha mtihani wa kuongoza watalii. Mpagazi hubeba mzigo, kiongozi hubeba dhamana. Katikati yao kuna cheti, na ili ukipate lazima uhojiwe kwa Kiingereza huko huko mlimani, na wanaume wa kijiji hiki, walioshinda vilele ambavyo wazungu huviona kwenye kalenda tu, huanguka kwenye vitenzi visaidizi.

Namaanisha yale maneno madogo yanayotangulia kitendo: can, may, might, should, must. Ukiyatazama hayana umbo. Hayabadiliki kwa mimi wala yeye, hayavai chochote mbele wala nyuma. Lakini ndiyo yanayosema kama jambo ni ruhusa, au ushauri, au shaka, au amri. Mtu akiyachanganya anaweza kusema Kiingereza safi kabisa na bado akaua mtu.

"You must to go," alisoma Qurbon siku moja, kwa sauti ya muadhini.

"Nani kamleta huyo to?"

"Madam, nilidhani must akitembea peke yake ataogopa."

"Must haogopi! Anatembea peke yake tangu azaliwe. Kaa chini, na huyo to wako mrudishe ulikomtoa."

Darasa likacheka. Qurbon ndivyo alivyo, mwembamba, mdomo mbele, anaweza kumchekesha hata yaki aliyekwama kwenye tope. Mimi huwa sicheki. Mwalimu akicheka, jiko linazima na hakuna wa kulichochea.

"Sikilizeni," niliwaambia. "Might: wingu liko juu ya kilele, halijaamua. Should: shangazi yako amesema, usipofanya atanuna, lakini hatakupiga. May: mlango uko wazi, pita ukitaka. Can: goti lako limekubali. Na must? Must ni nini?"

Wakainamia madaftari yao.

"Must ni wewe, Madam," akasema Qurbon.

Hapo nilicheka, nakiri. Lakini nilimwona Hasil Shah pale nyuma, karibu na dirisha, hakucheka. Alikuwa anaangalia mikono yake.

Hasil Shah ndiye mkubwa kuliko wote darasani mwangu, kwa umri na kwa mwili. Mabega yake yamezoea kamba tangu ndevu zilipoota, na goti lake la kushoto lilikuwa limeanza kukataa kushuka mteremko. Kuandika aliandika vizuri kuliko wenzake wote. Ukimpa karatasi yenye nafasi wazi, hakosei hata moja. Lakini mtihani wenyewe ni wa mdomo. Mtahini anajifanya mtalii mkaidi anayetaka kupanda wakati hali ya hewa imeharibika, na kiongozi anapaswa kumzuia. Mara ya kwanza Hasil Shah alimwambia mtahini, "Bwana, huenda ungependa chai." Mara ya pili alijitahidi zaidi, akasema, "Bwana, kama moyo wako utaridhia, may go down." Akafeli mara zote mbili. Kanuni ya cheti ni mara tatu basi, na ya tatu ilikuwa inakuja mwezi wa Mei, barafu ikianza kufunguka. Akishindwa hiyo atabeba mizigo mpaka goti limwangushe, kisha atakaa kando ya moto asubiri watoto wake wabebe.

Lakini goti silo lililomnyima usingizi. Nawe ujue, maana kijijini kila mtu anajua.

Kiangazi kimoja alikuwa mpagazi wa msafara mdogo. Kiongozi alishuka na mgonjwa, Hasil Shah akabaki juu na mgeni mmoja, mtu mzuri, mcheshi. Upepo ukageuka. Hasil Shah akauona saa nzima kabla. Akamwambia yule mgeni kwa heshima yote, "You may go down, sir." Na mgeni akaelewa sawasawa alichoambiwa, kwamba ameruhusiwa kushuka. Lakini hakuwa ameomba ruhusa. Akashukuru, akaendelea kupanda. Hasil Shah alimfuata, akamkuta, akamteremsha mgongoni siku nzima. Mtu akapona, ila vidole vya mguu mmoja vilibaki hospitalini.

"Nilijua, Madam," aliniambia baadaye, akijigusa kooni. "Neno lilikuwa hapa. Nikaona nitamvunjia heshima."

Kwa hiyo majira yale ya baridi nilijiapiza kwamba neno lile litatoka, hata kwa koleo.

Nilianza na mlango. "Hasil Shah, mlango uko wazi na mimi nimekaa karibu nao. Niamrishe niufunge. Kwa Kiingereza."

Akasimama. "Madam, baridi inaingia."

"Sikuulizi habari za baridi. Amri!"

"Madam, mlango... kama ungependa..."

"Sipendi! Niamrishe!"

Akautazama mlango kwa huruma, akatembea kwa hatua zake kubwa mpaka mlangoni, akaufunga mwenyewe, akarudi akakaa.

"Mwacheni jamani," Qurbon akasema. "Huyu hata yaki wake humwomba radhi kabla ya kumfunga kamba."

Nikatupa chaki. Haikumpata Qurbon, ikampata Hasil Shah, naye akainama akaiokota, akaniletea kwa mikono miwili kama anayemkabidhi mgeni kikombe. Nilitamani kulia kwa hasira. Kuna watu adabu yao ni ukuta, ukipiga teke unaumia wewe.

Majira yakasonga. Theluji ikaanza kulainika mchana. Ng'ambo ya mto kulikuwa na arusi, na daraja la waya lilikuwa limekatika upande mmoja, kwa hiyo tuliokwenda tukavuka kwa njia ya wazee: gogo refu jembamba, watu wote wanalishika kwa mstari wakitembea majini, mwenye nguvu anasimama kichwani upande wa juu, maji yanapovunjikia, na wengine wanafuata kivulini mwake. Siku ile kichwani alisimama Hasil Shah. Nyuma yake baba yake, Mzee Daulat, ambaye mbele yake Hasil Shah hajawahi kukunja mguu wala kupaza sauti. Nyuma ya mzee, mimi, sketi imefungwa kiunoni juu ya suruali. Nyuma yangu Qurbon, akipiga kelele kwamba anakufa na hajaoa.

Tulipofika katikati maji yakatushika mapajani. Baridi yake siielezi. Mimi nikaanza kusema kwamba tulipaswa kupita juu kidogo, kwenye mawe.

"Madam, funga mdomo, tembea!"

Niligeuza kichwa kumtafuta aliyesema.

"Baba, mguu wa kulia! Wa kulia! Usiangalie maji! Qurbon, ukiachia gogo nitakuua mimi mwenyewe kabla ya mto!"

Ilikuwa sauti ya Hasil Shah. Mzee Daulat, anayewakaripia hata makadhi, akatii kama mwanakondoo. Nami nikafunga mdomo, nikatembea. Tulipotoka ng'ambo, tukitetemeka, Hasil Shah akaliweka gogo chini, akamwinamia baba yake akambusu mkono, kisha akanigeukia mimi, uso umemwiva.

"Madam, unisamehe. Pale mtoni..."

"Umeniambia nifunge mdomo."

"Ndiyo, Madam. Unisamehe."

"Nisikusamehe! Rudia!"

Akadhani nimepatwa na homa. Mzee Daulat ndiye aliyeeleza, huku anakamua soksi zake. "Anayeshika kichwa cha gogo ndiye mkubwa, binti yangu. Zamani mtawala alipotuma mtu wake kuchukua nafaka zetu, mtu yule alivukishwa hapa hapa, akatukanwa kuanzia ukingo ule mpaka huu, na hakusema kitu. Mtoni hakuna mgeni. Kuna watu wa gogo tu."

Kwenye arusi nilikula lakini sikusikia ladha. Nilikuwa nawaza. Miezi yote nilidhani Hasil Shah hana lile neno, nikawa namsukumia ndani kwa nguvu. Kumbe analo tangu utoto, analijua kuliko mimi niliyelisoma vitabuni. Kilichokuwa kinakosea ni mahali. Alikuwa anampeleka mtalii barafuni huku moyoni amemkalisha sebuleni kwake, kwenye mto wa sufi, karibu na moto.

Somo lililofuata sikufungua kitabu.

"Barafu ni nini, Hasil Shah?"

"Ni... barafu, Madam."

"Imetengenezwa na nini?"

"Maji."

"Maji yaliyosimama. Basi mtu aliye nyuma yako kwenye barafu ni nani? Mgeni?"

Niliona kitu kinapita usoni mwake, taratibu, kama mtu anayekumbuka alikoweka ufunguo.

"Akiwa nyumbani kwako," nikasema, "mpe might, mpe may, mpe asali na siagi. Mkishatoka kijijini, mpe should, akiifuata vizuri, asipoifuata mwachie Mungu. Lakini kuna mahali ambapo should ni usaliti. Mtu anakwenda kufa na wewe unampa ushauri! Must si tusi. Unamwambia: kichwa cha gogo nimeshika mimi."

Tangu siku hiyo mambo yalibadilika. Nilimweka Qurbon ajifanye mtalii, na Qurbon alikuwa mtalii wa kuchukiza, anataka kupiga picha kila mahali, anataka kukojolea kilele, lakini Hasil Shah alimzuia. Mwanzoni kwa sauti ndogo, kisha kwa sauti ya mtoni. Wenzake wakapiga makofi. Mimi nikajipongeza moyoni, nikachinja kuku.

Kisha nikasema, "Sasa mtalii ni mimi."

Naye akarudi kuangalia mikono yake, papo hapo.

"Siwezi, Madam."

"Mtoni uliweza!"

"Mtoni kulikuwa na maji."

Nilibembeleza, nilifoka, niliitaja hadi roho ya marehemu mume wangu. Hakuna. Nikajiambia basi, si neno, mtahini siye mimi.

Mei ikafika. Meja Tanvir, jeshini alishastaafu, mtahini wa cheti, alipanda kijijini na gari lake la vumbi. Alikuwa mtu wa haki na masharubu. Alikuwa anasubiri mwanamke wa Kijerumani, mpanda milima, ambaye mwaka huu, kwa kanuni mpya, ndiye angekuwa mtalii wa mtihani ili mtahini abaki na kalamu tu, lakini barabara iliporomoka Meja akishapita, mama wa watu akabaki upande wa pili na begi lake. Meja akanywa chai ya chumvi nyumbani kwangu, akatutazama mmoja mmoja.

"Nani hapa anajua Kiingereza na hafanyi mtihani?"

Wote waliniangalia mimi, isipokuwa Hasil Shah, aliyeangalia mlango.

"Vizuri," akasema Meja. "Madam, wewe ndiye mtalii. Nitakwambia unachotaka, nawe utakitaka kwa moyo wote. Ukimlainishia hata mmoja, namfelisha. Tumeelewana?"

"Meja," nikamwambia, "mimi sijawahi kumlainishia mtu katika maisha yangu. Uliza kijiji kizima."

Lakini nilikuwa nimelea watoto wa watu hawa kwa fimbo na chaki, na sasa ningemwangusha yule niliyemtaka kuliko wote kwa sababu tu mimi ni mimi.

Tulipanda mpaka barafu inapoanzia. Qurbon alitangulia. Hata sijamaliza kusema ninachotaka, alishaanza kupaza "Must! Must! Must!" kama anayefukuza mbuzi. Meja alicheka mpaka akakaa chini, akamwandikia amefaulu. Qurbon akamkumbatia Meja, kisha akajaribu kunikumbatia mimi, akajirudi.

Ikawa zamu ya Hasil Shah.

Alikuja na kamba. "Madam, may I?"

Aliuliza vizuri. Hivyo ndivyo ruhusa inavyoombwa. "You may," nikajibu, akanifunga kiunoni, akavuta fundo mara mbili, mikono yake mikubwa ikiwa myepesi. Tukatembea, yeye mbele, Meja pembeni na kalamu yake. Tulizungumza Kiingereza, maana ndiyo kanuni. Nakusimulia kwa lugha hii, isipokuwa yale maneno madogo.

Meja aliniegemea akaninong'oneza ninachotaka. Kulikuwa na ufa wa barafu, juu yake theluji imelala kama shuka, na ng'ambo ya ufa kilele kinaonekana chote. Nilitakiwa nivuke pale pale nipige picha.

"Nataka kupita hapa," nikasema. "Picha itakuwa nzuri."

Hasil Shah akaitazama theluji, akatazama jua. "Madam, theluji hiyo might kuwa dhaifu."

Sawa. Shaka, mahali pake. "Pia might kuwa imara," nikamjibu.

"We should kuzunguka, kwa kule kwenye mawe. Ni nusu saa tu."

Sawa tena. Ushauri. Moyoni niliweka alama. "Nusu saa! Mimi mwanamke mzee. Miguu imechoka. Njia fupi ndiyo njia."

Meja akainua kalamu. Hasil Shah akashusha macho kwenye kamba, nami nikajua yuko wapi: yuko nyumbani kwake, mwalimu wake ameketi karibu na moto, anaomba kitu. Na mimi ningeweza kuegemea kidogo nyuma, kusema "haya basi, kama unaogopa," ningemsaidia hivyo na Meja huenda asingeona. Lakini nikawaza mgeni atakayekuja mwaka ujao, ambaye hataegemea nyuma. Kwa hiyo nilifanya la kinyume. Nilitoa silaha yenyewe.

"Hasil Shah," nikasema, "mimi ni mgeni wako."

Nililisema kwa Kiingereza, lakini masikioni mwake liliingia kwa Kiwakhi, lugha yetu. Kwetu mtu akishasema hivyo, mazungumzo yameisha, ng'ombe anachinjwa. Qurbon, aliyekuwa amekaa juu ya jiwe, akashika kichwa. Hata Meja aliacha kuandika.

Nikainua mguu kuelekea theluji.

"Simama."

Haikuwa sauti kubwa. Mguu wangu ulibaki hewani.

"You must not kuvuka. You must kurudi kwangu, sasa hivi, kwa nyayo zako mwenyewe."

Hapo mtihani ungeweza kuisha. Meja alishaanza kutikisa kichwa kukubali. Lakini mimi, mkaidi wa kuzaliwa, na pia kwa sababu nilitaka kujua kama neno lile lina mizizi, nikauliza, "Na nisiporudi? Nikikasirika? Nikikiambia kijiji kizima kwamba Hasil Shah alimkatalia mgeni?"

Akazungusha kamba kwenye kiuno chake mara moja, akakaa kwenye theluji, akapachika visigino. Kisha akanitazama machoni. Katika miaka yote aliyokaa darasani mwangu hakuwahi kunitazama machoni.

"You can kukasirika, Madam," akasema. "You may kukiambia kijiji kizima. Nitakuletea chai huku umenikasirikia. Lakini you must kurudi."

Nilisimama pale na macho yakanijaa. Hakukosea hata moja. Kila neno alilitia mahali pake, uwezo, ruhusa, amri, kwa mpangilio ambao sijawahi kumfundisha, kwa kuwa hata mimi sikuwahi kuufikiria. Hasira akaniachia yote niitumie nitakavyo, na uhai wangu akakataa niuchezee. Kuna walimu wanaoringia wanafunzi waliokwenda Karachi wakawa madaktari. Na wazilete hizo shahada zao zote hapa barafuni. Mimi nilikuwa na Hasil Shah, amekaa kwenye theluji, ananiamrisha.

Nikarudi kwa nyayo zangu mwenyewe.

Kama theluji ile ingenibeba au isingenibeba, mpaka leo sijui. Qurbon alitaka kuitupia jiwe tuone. Nikamwambia akithubutu nitamtupa yeye.

Meja akafunga karatasi, kisha akaifungua tena. "Samahani, nimesahau. Kuna swali moja la mtalii." Akasafisha koo. "Kiongozi alikuwa na adabu?"

Hasil Shah akainamisha kichwa, akaangalia viatu vyake. Ndilo swali aliloliogopa kuliko ufa wowote, nadhani. Alikuwa anangoja nimwambie alichovunja.

"Andika," nikamwambia Meja, "kwamba hajawahi kuwa na adabu kama leo."

Meja akaandika. Akamnyooshea mkono. "Hongera, kiongozi."

Qurbon akapiga mbinja, nayo ikarudi kutoka mlima wa pili. Hasil Shah aliushika mkono wa Meja kwa mikono miwili, akajaribu kusema kitu kwa Kiingereza, kikashindikana, akasema kwa Kiwakhi, kikashindikana pia. Akajifuta uso kwa mkono wa koti. Mimi nilitazama pembeni, maana mwalimu akilia mbele ya Qurbon hatapumzika mpaka kaburini.

Tukaanza kushuka. Nilikuwa nimejaa maneno. Nilitaka kumweleza jinsi alivyosema vizuri, kwa nini can pale ilikuwa bora kuliko may, na kwamba nitayaandika maneno yake ubaoni majira yajayo wapya wayaone. Nikafungua mdomo.

Yeye alikuwa mbele, goti likimchechemesha, kamba bado kati yetu. Alisimama, akageuka, akaangalia miguuni mwangu.

"Madam," akasema kwa Kiingereza, bila kusita na bila kuomba radhi, "you must kufunga kamba ya kiatu."

Nikanyamaza, nikainama, nikafunga.